Siku Niliyoshangilia Mpakani

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa napiga pasi mashuka. Mimi na mume wangu, Lemayian, tulikuwa tumekaa Khartoum mwaka mmoja hivi, katika nyumba ya wageni. Mimi mpishi, yeye dereva. Ukame ulikuwa umeanza kumaliza ng'ombe wa kwao Kajiado, tukaona heri twende tutafute kazi huko. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mtaa ulikuwa bado umelala. Lemayian alikuwa uani akiosha gari, akiimba wimbo wa kanisa kwa Kimaa, lugha ya kwao, na kukosea maneno kama kawaida yake.

Kitu kikalipuka upande wa uwanja wa ndege.

"Hiyo ni mtungi ya gesi," akasema.

Kikalipuka tena. Ndege za kivita zikapita chini kabisa, juu ya paa letu, na vioo vya jikoni vikamwagika sakafuni.

Wageni walitoroka walivyoweza. Tukabaki sisi wawili, na ng'ambo ya barabara mzee Idris, jirani yetu. Umeme ulikatika, kisha mifereji ikakauka. Tulijificha chini ya ngazi, na hata pale Lemayian alinichekesha. Alisema akinijengea nyumba Kitengela ataweka ngazi pana, maana hii ilikuwa inamvunja mgongo.

Mzee Idris alikuwa na kisima. Risasi zilipotulia, Lemayian akachukua ndoo.

"Narudi sasa hivi, Naserian."

Nikasikia mlio mmoja.

Mzee ndiye aliyemvuta hadi uani kwake. Nilipofika, macho ya mume wangu yalikuwa wazi, lakini hayakuniona.

Tulimzika palepale, kando ya ukuta. Mzee Idris aliomba kwa dini yake, nami nikasema Baba Yetu. Sikulia. Hakukuwa na nafasi ya kulia. Mzee alinitafutia kiti kwenye basi la kwenda mpaka wa Ethiopia, akanisukuma ndani na kifurushi cha tende.

Njiani kulikuwa na vizuizi vingi. Kimoja sitakisahau.

"Shuka."

Nikashuka.

Kijana mwenye bunduki akafungua mkoba wangu, akatoa shati la Lemayian. Akalikunjua. Akalitazama, akanitazama.

Nikajua nimekwisha.

Akalitupa mkobani. "Panda."

Mpakani tulivuka kidaraja kwa miguu. Upande wa pili mwanamke wa Kiethiopia alinipa kikombe cha maji. Nikayanywa, na jambo nisilolitarajia likapanda kutoka tumboni: nikapiga kelele! Niliruka, nikakumbatia watu nisiowajua, nikaimba na Waganda na Wahindi, wengine wakipiga makopo kama ngoma. Niko hai! Niko hai! Sijawahi kufurahi hivyo maishani, hata siku ya harusi yangu.

Kisha nikaona mikono yangu. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha.

Niliporudi nyumbani, dada yangu alinipokea kwake Kitengela. Alipika, sikula. Majirani walikuja na maombi, nikajifungia chumbani. Kila nikifumba macho sikuona risasi. Nilijiona mimi nikiruka pale mpakani. Mke gani huyo?

Mwishowe nikaenda Kajiado kwa mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama. Habari alikuwa amepata kwa simu, lakini hatukuwa tumeonana. Nilimkuta amesimama ndani ya zizi. Halikuwa na hata ndama mmoja. Ukame ulikuwa umemaliza wote.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaa.

"Iko," nikaitikia, nikainamisha kichwa, akakigusa kwa kiganja.

"Niambie yote. Usinifichie kitu."

Nikamwambia. Ndoo, mlio, ukuta, shati. Nilipofika kwenye kidaraja nikakomea hapo.

"Ulivuka, alafu?"

"Yeyo, niliruka. Niliimba."

Nikangoja anifukuze. Yeyo hajui kusoma, lakini kitabu cha nabii Habakuki anakijua kwa moyo, na akaanza kukisema huku ananyoosha mkono kuonyesha zizi lake: "Zizini hamtakuwa na kundi, wala vibandani hamtakuwa na makundi ya ng'ombe. Walakini nitamfurahia Bwana."

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Unaona hii boma? Iko na nini? Na mtoto wangu iko wapi? Lakini hiyo mstari haikusema tungoje ng'ombe warudi ndio tufurahi. Kama ulishangilia, ni Mungu alikuwa anakushika usianguke. Sasa lia. Mimi niko hapa."

Nikalia, mara ya kwanza tangu Khartoum. Kisha Yeyo akaanza kuimba, nami nikamfuata, wanawake wawili katikati ya zizi tupu, hadi majirani wakaja mbio wakidhani tumerukwa na akili. Nao wakaimba!

Watu huniuliza kama Mungu amenifidia. Hapana. Lemayian yuko chini ya ukuta nisioweza kuufikia, na sijui kama mzee Idris yu hai. Napikia wajenzi hapa Kitengela, na jioni meza yangu ina sahani moja. Hasara ni hasara.

Lakini kila Jumapili baada ya ibada Yeyo hunipigia simu na swali lilelile: "Umecheka wiki hii?" Kuna wiki nasema hapana, naye hanihubirii, tunalia kidogo, tunaagana. Jumapili iliyopita nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.