Mama Kimya haondoki kichwani pa mtoto

Saa tatu asubuhi redio ya chumba cha upasuaji inazimwa katikati ya wimbo, na aliyeizima hajaomba ruhusa ya mtu.

"Utaimba ukishamaliza, daktari," anamwambia mpasuaji, kisha anarudi kwenye kigoda chake upande wa kichwa cha meza. Mezani amelala mtoto wa kike wa mwaka na nusu, kilo tisa, aliyeletwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri.

Kazi ya mwanamke huyu ni kuwalaza watoto kwa dawa ya usingizi na kuwasaidia kupumua mpaka waamke. Wenzake wanamwita Mama Kimya. Sikioni ana mpira mwembamba ulioshuka hadi kifuani pa mtoto, ulipobandikwa kwa plasta, na kupitia huo anasikia kila pumzi. Mkono mmoja umeshika barakoa na kunyanyua kidevu. Wa pili unaminya mfuko wa hewa, polepole, kama mtu anayepima ubivu wa tunda.

"Dawa ikimwingia, ulimi unalegea na kuziba njia," anaeleza bila kugeuka. "Mtu mzima ana akiba ya hewa. Huyu hana. Ukiinama kuokota kalamu, ukiinuka keshabadilika rangi."

Mashine ipo, na namba zake zinang'aa vizuri tu. Anaitumia, lakini haiachii mtoto. "Mashine inaniambia mambo yameharibika. Mkono unaniambia yanataka kuharibika."

Msimamo huo ndio uliomponza. Mwenzake wa pekee alipoacha kazi, alibaki yeye na vyumba viwili. Mwezi uliopita likatoka agizo: awalaze watoto wawili kwa wakati mmoja, akienda huku na kule, na anayebaki nyuma aangaliwe na mashine pamoja na muuguzi wa zamu. Amekataa mara tatu, tena mbele za watu. Jumatatu ijayo anaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na huenda akatoka humo bila kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne.

Mkuu wa chumba cha upasuaji, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, hafichi hasira zake. "Si kwamba sina huruma," anasema. "Nina watoto kumi hawajala tangu jana usiku. Mchana nitatoka kuwaambia wazazi wa watano warudi nyumbani. Yeye yuko ndani, hawaoni."

"Nawaona," anajibu Mama Kimya anaposikia hayo. "Kuna mama amerudishwa mara mbili kwa sababu yangu. Alinitukana pale koridoni mpaka nikakosa pa kuweka uso. Nikamwambia, tukana tu, dada yangu, maadamu mwanao unaye mgongoni."

Mpasuaji naye anamwita king'ang'anizi. Ukimbana kidogo anakiri kwamba mwanawe wa mwisho alipotolewa tonsili, alisubiri wiki nzima mpaka king'ang'anizi huyo arudi kutoka likizo. "Redio ni redio," anasema akicheka, "mtoto ni mtoto."

Nyumbani kazi haimwachi. Mumewe, fundi viatu, hukoroma, na mkewe, naye akiwa usingizini, humnyanyua taya bila kujua. "Nalala na mganga," anasema mume. "Nikikoroma nanyanyuliwa kidevu, nikinyamaza naamshwa kuulizwa kama ni mzima. Hao wanaotaka kumfukuza waje walale hapa siku moja."

Upasuaji wa mtoto wa ngiri unakwisha salama. Dawa ya usingizi imefungwa, mpasuaji anavua glovu, na mara mlango unafunguliwa. Ni mkuu.

"Si mmemaliza? Njoo chumba cha pili, mwingine yuko tayari."

"Daktari amemaliza. Mimi bado."

Hajamaliza sentensi, kifua cha mtoto kinabonyea ndani na sauti sikioni mwake inakatika. Koo limejifunga. Mfuko unakuwa mgumu mkononi, hauingizi kitu. Anakandamiza barakoa, anaingiza vidole nyuma ya taya na kuivuta mbele, anasukuma oksijeni bila papara. Muuguzi amekwisha kushika sindano ya kulegeza koo. Midomo ya mtoto inapoteza wekundu wake.

Kisha mfuko unalegea. Hewa inaingia na mlio mwembamba, inaingia tena, halafu mtoto anapiga kelele za hasira zinazofika hadi koridoni.

Ungetegemea amgeukie mkuu na kumwambia, umeona? Hamwambii. "Funga mlango, mkuu, mtoto anapigwa na baridi," anasema, na kumfunika bintiye huyo wa kuazima hadi mabegani.

Anataka wauguzi wawili wafundishwe kazi hii, na yuko radhi kuwafundisha mwenyewe siku zake za mapumziko. Kuomba radhi kwenye kamati, hapana. "Wakinifukuza Jumatatu, Jumanne wataniona kwenye benchi la wazazi. Nitawafundisha swali moja tu: nani atakaa kichwani pa mwanangu mpaka aamke? Kwani lazima nisubiri Jumatatu? Jana nilianza."

Koridoni, mkuu ananyoosha mikono kumpokea mtoto anayefuata. Baba yake, kijana aliyevaa ovaroli ya gereji, anarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, mama. Nani atakaa kichwani pake mpaka aamke?"

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

Kwenye benchi, mama mmoja anamvuta mtoto wake karibu zaidi.

"Nijibu kwanza," anasema yule baba, "ndipo nikupe mtoto."