Mtani Aliyemchagulia Marcelina Ngumi

Shaban alimnyang'anya Tekla haki ya kumchagulia mwanawe mchezo wa kupigana. Alimnyang'anya mchana, mbele ya majirani wa mtaa wa Ipuli, nao wakacheka.

Tekla alikuwa mjane, mwenye mtoto mmoja, Marcelina, wa miaka saba. Miaka ile redio ilihimiza watu wote tuwe ndugu, lakini watoto wa mtaa wa Chemchem walikuwa hawajasikia. Kila asubuhi walimsukuma Marcelina njiani na kumlia kiazi chake. Tekla akasema basi, mtoto atafundishwa kupigana, na mwalimu atamtafuta mwenyewe.

Alianza kwa Vinod, mtoto wa mwenye duka la nguo, aliyefundisha judo kwenye magodoro nyuma ya duka. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka.

"Bwana Vinod," Tekla akasema, "kuanguka anajua. Anaangushwa kila siku. Mfundishe kilichobaki."

"Ngoja, mama. Akijua kuanguka bila kuumia, hao wanaomsukuma watachoka wenyewe."

Marcelina akaanguka puu, akainuka anacheka. Tekla alikuwa hajasikia kicheko kile tangu shule ifunguliwe. Palepale akachagua judo.

Kesho yake akaja Shaban, mwalimu wa ngumi, amevaa kanzu na kofia ya mtoto wa mjini. Huyu alijulikana kuwa Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi kama Tekla tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuchukulia kitu, unamwachia, maana ukikasirika aibu ni yako. Kwenye mazishi ya mume wa Tekla, Shaban alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa.

"Mpagazi wangu!" akaita toka barabarani. "Babu yako aliutupa mzigo wa babu yangu porini. Leo nachukua fidia."

"Nenda huko, mkuna nazi!"

"Nazi nitakuna baadaye." Akamshika Marcelina mkono. "Huyu mateka wangu. Atacheza ngumi."

"Shaban, mtoto ana mwalimu wake."

"Ee! Mpagazi amekasirika!" majirani wakashangilia, na Amne, jirani wa mlango wa pili, akapiga vigelegele. Tekla akacheka kama mtu anayeng'olewa jino. Mtoto akaenda.

Muda wote wa kipupwe Marcelina alivaa glavu kubwa kuliko kichwa chake. Akipiga ngumi, glavu inatangulia, yeye anafuata. Alirudi nyumbani amenuna, anauliza lini atakwenda kuanguka tena. Tekla alimjibu kwamba utani haukataliwi, kisha akaingia ndani kugombana na masufuria.

Siku moja kwenye bomba la maji akakuta bibi mmoja mwenye kikapu, ameshuka kwenye treni.

"Mwangaluka," bibi akamwamkia kwa Kinyamwezi safi.

"Mwangaluka, mayu. Unamtafuta nani?"

"Mwanangu Shaban, anayefundisha watoto ngumi. Mimi ndiye Kashindye, mama yake."

"Mzaramo wewe, Kinyamwezi umejifunza wapi?"

"Mzaramo nani? Mimi Mnyamwezi wa Usinge, baba yake wa Usinge. Huyo mwanangu Pwani alikwenda kubeba magunia mwaka mmoja, akarudi na kanzu."

Tekla akatua ndoo. Kumbe jogoo yule aliliwa na Mnyamwezi mwenzake! Akakichukua kikapu cha bibi, wakaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa ngumi.

"Mpagazi!" Shaban akaita. "Umenibebea nini leo?"

"Nimekubebea mama yako."

"Shaban," bibi akasema, "mbona unasema kama una nazi mdomoni?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Shaban. Yeye akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa makubazi.

Tekla akamvua mtoto glavu, akampeleka kwa Vinod. Vinod akamsukuma kidogo ili aanguke. Marcelina akamtandika ngumi ya pua.

"Mama," Vinod akasema, ameshika leso, "huyu itabidi kwanza asahau."

Mpaka leo anasahaulishwa. Jogoo Tekla amemsamehe, ameshaliwa. Lakini Shaban wa Usinge bado anadaiwa: aje Ipuli mchana, asimame mbele ya watu walewale waliocheka, na Amne awepo, aseme kwa Kinyamwezi cha mama yake kwamba hakuwa mtani, na kwamba wa kuchagua alikuwa Tekla.