Barua Iliyokatwa Kola

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni fundi cherehani. Mtaani kwetu hakuna anayemshinda ukinitoa mimi niliyemfundisha, na mimi nimestaafu, kwa hiyo maliza hesabu mwenyewe. Amekaa nchi hii ya watu miaka kumi kwa kibali cha muda, kila mwaka anakibadilisha kama foronya. Mwaka huu akasema basi.

"Mjomba, naomba ukaazi wa kudumu. Nimechoka kuwa mgeni wa kukaa mlangoni."

Sharti lilikuwa moja: uonyeshe ulikoishi miaka kumi mfululizo. Pengo la mwaka mmoja tu, unaanza upya. Akapanga karatasi zake juu ya meza ya kukatia. Miaka tisa ikapatikana. Mwaka wa nne, hola.

"Barua ya mwenye nyumba wa kule ghorofani," akasema. "Ilikuwa na muhuri. Niliiweka droo ya nyuzi. Na yule mzee keshafariki, nani ataniandikia nyingine?"

Nikaanza kukohoa. Nina kikohozi kizuri sana cha shughuli kama hizi.

"Mjomba! Shati lako la mistari, kola yake uliikatia karatasi gani?"

Sasa wewe sema. Karatasi ngumu, safi, haijikunji, imelala tu drooni. Fundi gani angeiacha?

"Fundi anayejua kusoma," akanijibu.

"Nasoma! Upande ule tu ndio sikuugeuza."

Hakunicheka wala kulia. Alipanda kiti akashusha mafurushi matatu msumarini, maana fundi hatupi karatasi ya kufuatishia kitambaa, huenda mteja akarudi. Siku mbili nzima akageuza moja moja: kola, mifuko, mikono ya mashati ya watu waliokwisha kunenepa. Mimi nilisimamia, kazi ngumu kuliko zote. Siku ya pili akaipata kola: jina lake na nusu ya muhuri. Kisha mfuko: tarehe na nusu ya pili. Akavibandika kwenye karatasi nyeupe kwa mishono midogo ya mkono, hata mimi ilibidi nivae miwani.

"Kesho tunakwenda uhamiaji," akasema. "Na wewe unavaa lile shati."

Dirishani, afisa aliinua kile kitu kama samaki aliyeoza.

"Dada, hii ni barua au nguo?"

"Barua, bosi. Nguo anayo mjomba wangu, huyu hapa."

"Barua hatupokei zilizokatwa."

"Sawa. Mjomba aliikata ili apate kola ya shati hili. Basi ipime kwanza, ndipo uikatae."

Hakuondoka. Foleni nyuma ikaguna, naye kasimama kama nguzo. Mwishowe afisa akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaniinamisha juu ya kaunta mbele ya halaiki, akalaza kola ya karatasi juu ya kola ya shingo yangu. Ncha kwa ncha! Akateremsha kidole hadi kwenye ule mfuko, nusu mbili za muhuri zilipokutana, akasoma tarehe, akacheka mpaka akakaa.

"Gonga muhuri wa kupokea," akasema.

Miezi mitatu baadaye kadi ikatoka. Mpwa wangu aliitia kwenye droo ya nyuzi, akaifunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Juzi nimemletea kitambaa anishonee shati jipya, nikamwomba ile karatasi ya kola yangu, maana inanikaa kuliko zote.

"Iko kwenye faili la serikali, Mjomba," akasema, mguu juu ya pedali. "Ukiitaka, kapange foleni."