Benchi la Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya pembezoni mwa Kolwezi, nilivaa koti lililopigwa pasi hadi lingeweza kusimama lenyewe. Diploma ya uuguzi niliipata kwa masomo ya jioni, nikajiona najua tiba kuliko Kinshasa nzima.

Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, akanipa tochi. "Mama Ngoie, angalia mu kinywa kwanza."

Alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Utando mweupe ulimini, kuhara mwezi mzima, mwili kukonda: dalili hizo zilitutuma kupima, hazikutosha kuhukumu. Tone la damu ya kidole likionyesha VVU, tulithibitisha kwa kipimo cha aina nyingine.

Kilichonichemsha damu ni benchi. Wenye VVU walipewa dawa Alhamisi tu, wakisubiri kwenye benchi la nje, wakitazamana na barabara. Hata kuku wa mtaa walijua Alhamisi ni ya nani.

Mama Kapinga, mwosha madini, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alhamisi moja aliliona benchi, akageuka. Nikamkimbilia.

"Mama, na dawa? Mutoto ataambukizwa!"

"Najua. Lakini mama-mukwe yangu anauzisha mikate pale mbele. Mi nikiikala pale, kesho bitu yangu iko inje, ananifukuza."

Nikaingia ofisini bila kubisha. "Tata titulaire, changanya siku, wagonjwa wote wasubiri pamoja!"

"Raporti itaharibika, Mama."

"Raporti haina mimba!" Nadhani hata Dilolo, kule mpakani na Angola, walinisikia.

Alikataa. Basi nikawa nampa Kapinga dawa Jumanne, kwenye chumba cha kuwapima wajawazito, ambako hakuna aliyejiuliza amefuata nini. Titulaire aligundua nilipokuwa katika mwezi wa tatu wa kufanya hivyo. Akanihamishia upande wa Musumba, barabara ndefu kuliko ndoa yangu. Mwenzangu niliyemwacha akaniambia baadaye: Kapinga alikuja Jumanne, akaambiwa arudi Alhamisi. Hakuonekana tena.

Nilifanya kazi vituo vingine vitatu, na kote nilivuruga siku za dawa makusudi. Ninyi mnaoanza uuguzi, vurugeni pia.

Kwenye sherehe ya kustaafu kwangu, titulaire yule, sasa mzee, alisimama kunisifu kwa nidhamu. Nikamkatiza mbele ya wageni wote: "Tata, Kapinga alijifungua wapi?"

Akaniangalia kwa upole kabisa. "Kapinga gani, Mama?"