Limi na Uwanja wa Ndege wa Kasanzu

Ukifika Kasanzu, nusu saa ya bodaboda kutoka Ushirombo, usiulizie Limi binti Makoye, fundi cherehani. Watakutazama tu. Ulizia Mama Fredy wa ndege, utapelekwa mpaka barazani kwake, na anayekupeleka atakuwa anacheka njia nzima. Mwenyewe hajali. Ana miaka hamsini na minne, anashonea sare shule tatu, na anachokipenda hapa duniani kuliko hata kula ni ndege za zamani za jeshi.

Utasema, mama wa Kisukuma na cherehani yake, ndege za jeshi zimemwingiaje? Zimemwingia kwa baba. Mzee Makoye alikuwa mtunzaji wa uwanja wa ndege wa Kasanzu, na usifikirie lami na majengo ya vioo. Ni ukanda wa changarawe, hatua mia tisa kwa thelathini, uliosawazishwa na wazungu wa mgodi enzi za mkoloni, wakauacha walipofungasha virago. Mwaka sabini na tisa, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya mizigo ya jeshi, ile waliyoiita Bafalo, ilitua pale mara nne. Limi alikuwa na miaka tisa. Alimpelekea rubani maji ya kunywa, na rubani akamnyanyua aguse ubavu wa injini, ungali na joto. Basi, mtoto akawa amekwisha.

Baba alimfundisha kuzitambua ndege kwa mlio, na alipofariki binti akarithi kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiilipia. Kila alfajiri, kabla ya kugusa cherehani, aliutembea uwanja mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, akiokota mawe na kufukuza ng'ombe wa watu. Kila mwaka alishona mfuko mpya wa upepo kwa kitambaa cha rangi ya chungwa, akaupandisha mlingotini. Mwaka mmoja alipanda basi mpaka Dodoma kuziona ndege za kivita zikipita juu kwenye sherehe za kitaifa. Alilala stendi, akasimama juani kwa muda wa saa tano, ndege zikapita kwa muda wa kupiga chafya mbili. Alirudi amejaa furaha, akaisimulia safari ile mpaka wateja wakawa wanaacha vitambaa vyao mlangoni na kukimbia.

Yote hayo hayakumdhuru mtu hadi mwaka jana, dhahabu ilipoingia. Magesa, kiongozi wa wachimbaji wadogo wa pale, aligundua kwamba mwamba waliokuwa wakiufuata unaelekea moja kwa moja chini ya uwanja. Mkutano wa kijiji ukaitishwa.

"Mama Fredy, kwa heshima zote," alisema Magesa, "ndege ya mwisho kutua hapa ilikuwa lini?"

"Elfu mbili na tano. Ya madaktari."

"Na inayofuata tuisubiri mpaka wajukuu waote mvi?"

Watu waliangua kicheko. Athanas, mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyeweza kumuudhi yeyote mwenye kura, akatafuta njia ya katikati. Ndege ikitua kabla ya mwezi wa nane kwisha, uwanja utabaki uwanja, na itaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji. Isipotua, Magesa achimbe. Mikono yote ilinyanyuka, na wa Magesa ulitangulia. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha siku ile ile.

Lakini Limi alikwenda Ushirombo kwa Kudra, dada mmoja mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Kwa wiki tatu walikaa kwenye simu ya Kudra, wakiandikiana na kikundi cha wazee wa Nairobi wanaofufua ndege za mafunzo za wakati wa vita kuu ya pili na kuzirusha masafa marefu kwa raha zao. Wazee hao walikuwa wanajiandaa kwenda Zambia na ndege tatu. Kusikia kuna uwanja wa zamani ambao mama mmoja ameutunza kwa mikono yake miaka yote hiyo, walisema lazima watue hapo, wapige naye picha. Vibali vikaombwa, vikapatikana. Tarehe ishirini na nne Agosti, saa nne asubuhi.

Kijiji kiligeuka ghafla. Waliokuwa wakimcheka walianza kumwamkia wakiwa mbali. Athanas alialika wakubwa wa tarafa, kwaya ikajiandaa, mbuzi wawili wakatengwa.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa kumi na mbili na nusu, Limi aliingia uwanjani kama kawaida yake, ila siku hiyo aliukagua upana wote. Alipofika karibu na katikati, mguu ukamwambia kitu. Ardhi ililia uwazi. Akapiga kisigino, ikalia tena. Aliinama, akafukua udongo kwa vidole, akakuta magogo yamelazwa kwa mpangilio, na chini ya magogo giza tupu. Lilikuwa duara, shimo la wachimbaji, na jiwe alilolidondosha lilichukua muda kufika chini.

Magesa aliitwa, akaja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Mwangaluka, mama."

"Usinisalimie. Ni lako?"

"Ni langu." Hakukataa, na hilo tumpe haki yake. "Futi thelathini. Tulianza mwezi wa sita, usiku usiku, na kila alfajiri tulilifunika kabla hujafika. Mama, nilijua haiji! Nani alijua inakuja kweli?"

Akamrushia ushauri juu ya ushauri. Waongeze magogo, ndege zenyewe si nyepesi? Walifukie? Kwa saa tatu, futi thelathini, hata wangekuja wanaapolo, vibarua wa machimboni, wa Geita nzima wasingemaliza. Athanas, aliyekuwa amefika na suti yake, alimvuta Limi pembeni.

"Mama Fredy, sikiliza. Shimo ni hatua tatu. Uwanja una upana wa hatua thelathini. Wapite pembeni, wanatua, uwanja ni wako maisha. Kwani lazima tairi likanyage pale pale?"

Limi alitamani, na tusimtie utakatifu ambao hakuwa nao. Aliupima uwanja kwa macho, kushoto kwa shimo na kulia kwake, akaona kabisa kwamba huenda wangepita salama. Huenda. Ndege za zamani zina mkia uliolala chini, na rubani akiwa anakimbia ardhini haoni mbele yake. Hilo alilijua yeye peke yake katika watu wote waliosimama pale. Kudra, aliyekuwa amekuja kuziona ndege, alikuwa ameshawatumia wazee ujumbe, ukabaki na tiki moja. Wazee walikuwa wamekwisha kuruka.

"Magesa," alisema, "lete viroba vyeupe vya mawe. Vyote mlivyo navyo."

Wachimbaji waliviwekea mawe visipeperuke, naye akawaonyesha pa kuvipanga: mistari miwili mirefu iliyokatana katikati ya uwanja. Hakumweleza mtu ni ya nini. Walidhani ni mapambo.

Saa nne na dakika kumi zilitokea upande wa mashariki, tatu, za manjano, injini zikinguruma kwa sauti nzito. Kwaya ikaacha wimbo katikati. Ya kwanza ikashuka, ikashuka, hadi watu wakaona miwani ya rubani. Kisha ikainuka. Ikazunguka juu ya uwanja mara moja, ikatikisa mabawa kushoto na kulia, na zote tatu zikaelekea kusini. Watu walipiga vigelegele, wakijua wamesalimiwa.

"Zinarudi saa ngapi?" aliuliza Athanas.

"Hazirudi. Alama ile inamwambia rubani uwanja umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na mimi."

Magesa alivua kofia. Alisema shimo atalifukia, kwamba makubaliano yale yahesabiwe hayapo, kwamba wataitisha mkutano mwingine. Limi alimkatiza.

"Tulisema itue. Haijatua. Mwezi ukiisha, chimba. Ila mpaka uishe, mtu asiguse kiroba hata kimoja. Anaweza akapita mwingine huko juu asiyejua."

Siku saba zilizobaki alizimalizia pale, chini ya mwavuli, sare za shule tatu zikamsubiri. Tarehe mosi Septemba wanaapolo walipofika na sururu walimkuta amekwisha kuvikung'uta viroba vyote, amevikunja na kuvipanga. Alimkabidhi Magesa.

"Haya, kazi njema," alisema. Kisha akakaa chini kwenye changarawe na kulia kwa sauti, na Magesa, mtu mzima na ndevu zake, akakaa naye mpaka alipomaliza.