Mama Cyril Hali Chumvi

Binamu yangu Cyril alipelekwa Ureno kusomea mitambo, akarudi anajua kusimama juu ya maji. Nikisema hivyo watu wa Newala hudhani namtania, maana mimi na yeye tumetaniana tangu utotoni na sijawahi kumwonea huruma. Siku hizi ana banda lake Lisekese, anatengeneza mashine za kusaga, na ukimkuta na grisi mpaka viwikoni hutadhani amewahi hata kuiona bahari. Lakini haya alinisimulia mwenyewe, ameinamisha kichwa, na mimi Rahima, ambaye sina kawaida ya kumwacha mtu amalize, nilimwacha amalize.

Cyril alisoma sekondari Chidya na alifaulu vizuri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Viwanda vya korosho vilikuwa vimefungwa, vinatafutiwa wenyewe wapya, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapita vijijini na mizani zao, kila mmoja na bei yake na maneno yake matamu. Masasi maduka yalijaa redio na mitumba. Kila mtu alisema sasa ni zamu ya mwenye ujuzi. Padri Anthony wa parokia yetu, aliyekuwa na marafiki huko Ureno, akamtafutia Cyril ufadhili wa miaka miwili, asomee mitambo ya kusindika vyakula. Tulijiambia kwamba viwanda vikifunguliwa fundi atakuwa wetu. Wazee waliovuka Ruvuma zamani wakimkimbia Mreno walishangaa sana kuona mjukuu anamfuata Mreno kwake, tena kwa ndege, lakini nao wakampa baraka.

Mama yake, Theodora, ni dada wa baba yangu Muharami. Yeye ni wa kanisani na baba ni wa msikitini, na katika ukoo wetu jambo hilo halijawahi kumnyima mtu chakula. Kwenye mambo ya jando wote ni wamoja. Kwetu mtoto wa kiume akiingia jandoni, mama yake naye huingia kwa namna yake: hali chumvi. Mboga yake hupikwa kando kwenye chungu kidogo mpaka siku wali, yaani hao vijana wa jandoni, wanapotoka. Siku hiyo mjomba humuuliza mtoto mbele ya watu, mtoto hujibu kwamba amepona, kisha humlisha mama yake tonge la kwanza lenye chumvi. Mama akila chumvi kabla ya hapo, kidonda cha mtoto hakifungi. Aliyesoma na acheke, lakini sijamwona msomi wa kwetu ambaye mama yake alithubutu kujaribu.

Siku ya safari tulimsindikiza mpaka stendi ya Masasi. Basi limeshawashwa, shangazi akamshika mkono.

"Cyril, unaingia jandoni mara ya pili. Chumvi naiacha leo."

"Mama, Ulaya si likumbi," Cyril akasema huku anacheka. Likumbi ndicho kile kibanda cha porini wanakofichwa wali.

"Ni mbali, sikuoni, unafundishwa na watu nisiowajua, na utarudi mtu mwingine. Mimi likumbi kubwa kuliko hilo silijui. Ukimaliza, uje unilishe."

Cyril alidhani mama yake ataacha baada ya mwezi mmoja. Padri Anthony naye alimwambia shangazi kwamba Mkristo ana Kwaresma yake, inamtosha. Shangazi akajibu, "Ndiyo, Baba Padri," na jioni akapika mbaazi zake bila chumvi.

Huko Ureno Cyril alikaa katika mji mdogo wa pwani, chumba cha juu kwenye nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bi Lurdes. Asubuhi alikula mkate na kahawa, akapanda basi la chuo, akakaa darasani akisikiliza Kireno cha kasi baada ya miezi michache tu ya kukijifunza. Nusu alielewa. Nusu nyingine alinakili kutoka ubaoni kama anayechora picha. Mchana aliosha sahani kwenye bwalo la wanafunzi ili apate cha mfukoni. Jioni ilikuwa supu ya kabichi na viazi, au samaki mkavu ambaye harufu yake ilimkumbusha gulio la Masasi mpaka akamzoea na kumpenda. Baridi ilimwingia mifupani, akawa analala na koti.

Kilichomvunja ni mdomo wake. Kijana aliyekuwa msemaji wa mdahalo Chidya akawa mtu wa kuuliza choo kiko wapi kwa ishara. Siku moja mwalimu alimuuliza swali kuhusu boila, akajibu, na darasa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, anasema, hata mwalimu alimpigapiga begani. Lakini yeye aliona aibu, akahamia kiti cha nyuma, na huko nyuma akaanza kuona kwamba mtu asipokuwepo hakuna anayegundua.

Bi Lurdes alikuwa na mwana, Nuno, ambaye maisha yake yote yalikuwa ubao. Ni ubao mrefu, mwembamba, wa kutelezea juu ya mawimbi. Unalala juu yake kifudifudi, unapiga maji kwa mikono mpaka nje kabisa, unangoja wimbi, na likija unainuka ghafla usimame, likubebe mpaka ufukweni. Nuno alimvalisha Cyril suti ya mpira iliyombana mpaka akahema, akamwingiza baharini. Muelewe kwamba sisi ni watu wa uwanda wa juu. Maji kwetu yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, na mtoto aliyemwaga ndoo alichapwa. Cyril hakujua kuogelea hata kwenye dimbwi. Siku ya kwanza alikunywa bahari mpaka akatapika mchangani, na watoto wa Kizungu wakamzunguka kumtazama.

Lakini akarudi tena. Alijifunza kuogelea kwanza, akajifunza kulala kwenye ubao bila kupinduka, akajifunza kupiga magoti. Na asubuhi moja akasimama. Alinieleza asubuhi hiyo kwa mikono, amesahau kwamba alikuwa ananisimulia aibu yake: wimbi linakuinua kwa nyuma, ubao unaanza kukimbia wenyewe, unainuka, na kwa kitambo kidogo hakuna kinachokudai chochote.

"Rahima, nilisahau kwamba mimi ni mgeni," aliniambia.

Nilimwelewa, na iliniudhi kwamba nilimwelewa.

Basi ikawa hivyo. Mawimbi yakiwa mazuri, Cyril yuko majini. Yakiwa mabaya, yuko darasani, amechoka, macho mekundu. Ufukweni watu walimjua kwa jina, wakampigia makofi, wakamnunulia kahawa. Chuoni alikuwa yule kijana wa nyuma. Mtihani wa mwaka wa kwanza alianguka karibu masomo yote. Chuo kikamhurumia, kikamruhusu aendelee huku akirudia yale aliyoshindwa. Akaapa mbele ya mkuu wa chuo kwamba atakazana. Kisha ikaingia miezi ya baridi, na huko miezi ya baridi ndiyo yenye mawimbi makubwa.

Jumapili moja moja alipiga simu parokiani. Shangazi alikuwa anangoja barazani kwa padri tangu misa inapokwisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

"Yanaendelea vizuri, Mama."

Jumapili moja mwaka wa pili nilikwenda naye, na nilipoona salamu zinakwisha nikamnyang'anya simu. Nikamwambia, "Wewe, mama yako bado hali chumvi. Amekonda, sketi anaifunga kwa kamba. Hebu maliza hizo mashine uje."

Nikairudisha simu kwa padri kabla hajajibu.

Mchana ule ule Cyril aliingia baharini, wimbi likampindua, akameza maji. Alipotoka, mdomo wote ulikuwa chumvi. Alitema, akatema tena, akaketi mchangani, na anasema aliona haya kiasi kwamba hakuweza hata kuivua ile suti. Alihesabu ni mara ngapi amekunywa chumvi ya bure kwa ajili ya mchezo, huku mwanamke mmoja Newala anatafuna kisamvu cha chukuchuku kwa ajili yake.

Mtu angetegemea kwamba kesho yake alikwenda darasani. Hakwenda. Watu wanadhani aibu ni dawa. Aibu ilimfanya aogope zaidi kuyafungua madaftari, maana kila ukurasa ulimwonyesha jinsi alivyoachwa nyuma, na mahali pekee ambapo aibu haikumfikia palikuwa juu ya ubao. Kwa hiyo alirudi majini. Mwisho wa mwaka alianguka tena, ufadhili ukasimamishwa, akapewa tiketi ya kurudi nyumbani bila cheti.

Njiani kote alipanga maneno. Angemwambia mama yake kwanza, wawili tu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini alifika Masasi mwezi wa saba, msimu wa jando umepamba moto, na sisi hatukuwa watu wa kumngoja nyumbani. Tulijaa stendi na ngoma. Mimi nilikuwa mbele, nimevaa kitenge kipya, naimba matusi ya utani kuhusu Wazungu na makalio yao. Akashuka. Akamwona mama yake amesimama kati yetu, mabega yametokeza mifupa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

Ndivyo anavyoulizwa mwali. Cyril akatazama ngoma, akatazama watu, akajibu, "Nimepona."

Baada ya hapo hakupata nafasi, au hakuitafuta. Siku ya pili tulifanya sherehe nyumbani kwa shangazi. Kuku walichinjwa, pombe ya mtama ililetwa kwa ndoo, na watu walitoka mpaka Chiwata. Baba yangu, kwa kuwa ndiye mjomba, alivaa kanzu yake ya Idi, akamsimamisha Cyril katikati ya uwanja, mama yake ameketi mkekani mbele yake.

"Mwali," baba akasema kwa sauti kubwa, "kazi uliyoiendea umeimaliza?"

Mimi nilikuwa karibu. Niliona Cyril akimtazama mama yake badala ya mjomba, nikadhani ni furaha.

"Nimeimaliza, Mjomba."

"Basi mlishe mama yako."

Akamega ugali wa muhogo, akachovya kwenye mchuzi wa kuku, akainama. Mchuzi ukadondoka kwenye khanga ya mama yake. Shangazi hakufungua mdomo mara moja. Alimtazama usoni, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba pengine mchuzi ni wa moto. Kisha akafungua mdomo, akala. Chumvi ilimshtua, uso ukakunjamana, machozi yakamtoka, na sisi wanawake tukapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Nikikumbuka sauti yangu ya siku ile, natamani kuirudisha kooni.

Cyril alikaa na wageni, akala, akacheka walipocheka. Kesho yake mchana, wageni wameondoka, aliingia jikoni kumtafuta mama yake. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni. Akamkuta ameinama kwenye mafiga. Chungu kikubwa kilikuwa kwenye moto, na pembeni yake, juu ya makaa, kile kidogo.

"Mama, hicho kidogo cha nani?"

"Changu."

"Lakini jana ulikula."

Shangazi hakugeuka. Alikoroga kunde, akapunguza moto.

"Chuo kilimpigia Baba Padri siku moja kabla hujaondoka huko," akasema. "Alikuja kuniambia mwenyewe. Akaniambia na habari za bahari."

Cyril alishika nguzo ya mlango. Anasema alitamani mama yake apige kelele, amtupie hata mwiko, apate la kujitetea.

"Kama ulijua, Mama, kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya mjomba wako na watu wote wale, tonge mkononi. Ningekataa, wewe ungeyaficha wapi macho yako?"

"Mama, nisamehe."

"Kosa la kula chumvi kabla ya wakati nalibeba mimi, wewe usilitie hesabuni." Akafuta mikono kwenye khanga, bado ina doa la mchuzi. "Ile ya jana ilikuwa ya watu, Cyril. Yangu bado."

Kisha akachukua sahani, akampakulia kutoka chungu kikubwa, akamwambia akae ale, zisipoe.