Mama Idil na Jumatano Zake

Mara ya kwanza nilipomwona Safiyo alikuwa akigombana na geti. Ilikuwa Jumatano mchana, wiki ya kwanza ya muhula, nami nilikuwa kwenye dirisha langu la mapokezi nikinywa chai iliyokwisha kupoa. Nje palikuwa na mwanamke mrefu wa Kisomali, koti zito juu ya dira, anatikisa vyuma vya geti huku anaongea na simu kwa Kiswahili cha Garissa. Alikuwa anamlalamikia mtu kwamba wazazi wote wameshachukua watoto wao na kwenda zao, na yeye peke yake amefungiwa mtoto ndani.

Nikafungua dirisha nikamwambia, "Mama, hakuna aliyechukua mtoto. Wanatoka saa tisa."

Akanitazama, mama wa Kihindi mwenye miwani na kadi ya shule shingoni, kisha akatazama nyuma yangu kumtafuta aliyesema. Nimezoea. Nilizaliwa Kisumu, nikaletwa Birmingham na ndoa, na hadi leo kila Mkenya anayenisikia huanza kwa kumtafuta mwenye sauti. Alipoamini kwamba ni mimi, aliuliza swali moja tu. Kwani leo si Jumatano?

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kule Uholanzi, shule nyingi za watoto wadogo hufungwa adhuhuri siku ya Jumatano. Safiyo alikuwa amelea binti yake katika mji wa Tilburg, na kwa miaka yote ya shule ya msingi alisimama getini kila Jumatano mchana pamoja na akina mama wengine na baiskeli zao. Hakuna aliyemwambia kwamba Waingereza hawana desturi hiyo. Naye hakuuliza, kwa sababu mtu haulizi jambo analodhani liko hivyo dunia nzima. Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilicheka, naye akacheka, tukawa marafiki. Yeye huniita Mama Anish, kwa jina la mwanangu, nami humwita Mama Idil.

Sasa nikueleze mtu mwenyewe. Safiyo hatulii. Namsema hivi nikimpenda, lakini hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alitoka Garissa akaenda kwa shangazi yake Eastleigh, akatoka Eastleigh akamfuata mumewe Hillow Uholanzi, na huko Tilburg hakuna alichokipenda. Mvua hakuipenda. Majirani hakuwapenda, maana huwezi kubisha hodi kwao bila kupanga miadi wiki nzima kabla, na ukifika unapewa kahawa na biskuti moja, halafu kopo linafunikwa. Alimwimbia Hillow wimbo mmoja usiku na mchana, Birmingham, Birmingham, Birmingham kuna watu wetu. Hillow ni mtu mpole anayeendesha teksi na kusikiliza habari. Alitangulia yeye kabla Waingereza hawajajitoa Ulaya na mlango kufungwa, akatafuta makaratasi, mkewe na mtoto wakafuata.

Wakashukia mtaa wa Alum Rock, ambako kila alichokililia kilikuwepo mlangoni, nyama, vitambaa, msikiti, wanawake wa kupiga nao soga. Haikupita miezi mingi akaja dirishani kwangu amekunja uso. Nikamwuliza kulikoni. Akasema Alum Rock hapakaliki, watu wanakuja nyumbani bila miadi.

Ilibidi niketi. Nikamwambia, Mama Idil, wewe sasa ni Mholanzi kamili, umebakiza kopo la biskuti tu. Hakufurahi hata kidogo.

Akahamisha familia Ladywood, kwenye ghorofa refu karibu na katikati ya mji. Huko nako upepo ulikuwa unaongea dirishani. Wakahamia Acocks Green, jirani na kwangu, nyumba nzuri tu yenye kibustani na stesheni ya treni karibu. Hiyo aliisifu. Alisema anapenda kusikia treni zikiondoka, na mimi niliposikia hivyo nikajua hatujamaliza.

Katika kuhama kote huko mmoja tu ndiye aliyegoma, na hakugoma kwa kelele. Idil alisema atahama nyumba lakini shule hahami. Basi msichana yule alikuwa anapanda mabasi mawili kutoka Ladywood asubuhi za baridi, kungali giza, anafika hijabu imelowa, ananisalimia vizuri na kwenda darasani. Kiswahili anakisikia chote, Kisomali pia, lakini majibu yake ni Kiingereza. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo ndilo lililokuwa linanisumbua. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asiyelalamika ana mahali anapoweka malalamiko yake.

Lakini Jumatano haikumtoka Safiyo. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku ya mapumziko aliomba mwenyewe apewe Jumatano. Ikifika mchana mwili wake unasimama wenyewe. Anavaa viatu, anavua, anavaa tena, mwisho anatoka kwenda kupanda basi namba kumi na moja. Hilo ni basi linalozunguka mji wetu wote. Linaondoka Acocks Green, linapita Kings Heath, Harborne, Perry Barr, na mwisho wake linakurudisha Acocks Green. Safiyo alikuwa analipanda na kuzunguka nalo bila shughuli yoyote, kisha anashuka pale pale alipopandia. Mwalimu wetu wa Kisumu alitufundisha kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilimwambia Safiyo methali hiyo, akanijibu kwamba angalau huyo alikwenda.

Basi masika haya, rafiki yake wa Tilburg, anayeitwa Ifrah, akampigia simu. Kaka yake Ifrah anahama, nyumba yake itakuwa wazi kuanzia kiangazi, na iko mtaa ule ule wa zamani. Kama wanaitaka, atoe jibu kabla ya Ijumaa. Siku hizo Safiyo hakuwa wa kukaa naye. Alipika akasahau chumvi, akapika tena akasahau kuzima jiko. Hillow alimsikiliza hadi mwisho, akasema yeye hahami tena. Akasema makaratasi ya hapa yakishapotea hayarudi, na kama Safiyo ameamua kwenda hatamzuia, lakini amwulize Idil, na amwulize kwa kweli, si kumtangazia.

Jumanne jioni alinieleza yote hayo jikoni kwangu, akiwa amesimama. Nilimwambia wazi kwamba anafanya ujinga. Ana mume, ana nyumba, mtoto anasoma vizuri, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa na hasira, kwa sababu mimi ndiye ninayebaki nyuma ya watu wanaohama, na nimechoka kubaki.

"Wewe hukuiona ile Jumatano," akasema. "Tulikuwa tunanunua chipsi, zinamwagiwa mayonesi, tunakaa kwenye benchi mimi na yeye hadi wakati wa darasa lake la kuogelea. Tunaongea. Hapa mtoto anaingia, anakula, anapanda juu, anafunga mlango. Mama Anish, mimi simjui tena mtoto wangu. Nataka kumrudisha kabla hajawa mkubwa."

Hasira yangu ikaisha. Nina mtoto wa kiume anayenipigia simu akiwa garini tu, kwa sababu hapo ndipo anapokosa la kufanya. Nilijua anachosema.

Kesho yake mchana nikamwona anakuja, safari hii getini hakutikisa kitu, alibonyeza kengele kama watu wengine. Akasema anamtaka Idil. Nikamwuliza kwa sababu gani. Akasema anataka kuongea naye. Kwenye kompyuta ya shule hakuna sababu ya namna hiyo, kwa hiyo nikaandika daktari wa meno. Mungu atanisamehe, mwalimu mkuu sijui. Idil akashuka na begi lake, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akatoka. Mchana ule wote sikufanya kazi ya maana. Nilipokea simu nisijue nimesema nini.

Jioni Safiyo alikuja kwangu, bila miadi. Yaliyotokea niliyapata kwake.

Walipanda namba kumi na moja, wakakaa juu, siti ya mbele kabisa. Safiyo akamwambia habari ya nyumba, ya Ifrah, ya mtaa wa zamani na benchi na darasa la kuogelea. Idil akauliza kama baba yake atakuja. Safiyo akasema hapana, si sasa. Wakapita Kings Heath, wakapita Harborne, mtoto anatazama barabara tu, na Safiyo anazidi kuongea, kwa sababu akinyamaza aliogopa atasikia jibu.

Hadi Perry Barr ndipo Idil alipogeuka. Alisema kwa Kiingereza, lakini Safiyo alinirudishia kwa Kiswahili neno kwa neno, na nadhani ataweza kuyarudia hata akiwa mzee.

"Hooyo," akamwambia, maana hivyo ndivyo wanavyowaita mama zao, "kule hatukuwa tunaongea. Ulikuwa unaongea wewe. Kila Jumatano ulikuwa unaniambia Birmingham. Birmingham kuna hiki, Birmingham kuna kile. Chipsi zangu zilikuwa zinapoa nakusikiliza. Nikasema, basi, tukifika Birmingham atapumzika. Sasa tuko Birmingham unaniambia Tilburg."

Basi likasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda. Kisha Idil akasema tena, polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akasema kwamba mama yake akienda, yeye pia atakwenda, hawezi kumwacha aende peke yake. Ila anataka kujua jambo moja tu. "Tukifika huko, utakuwa unaniambia habari za wapi?"

Safiyo alipofika hapo nilimmiminia chai, akaishika bila kunywa. Aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Treni ikapita stesheni, nikaona sikio lake linaifuata. Sitakudanganya kwamba mwanamke huyu alipona siku ile. Lakini alitoa simu, akampigia Ifrah pale pale mbele yangu. Kisomali sikijui, ila neno la hapana nalijua, ni maya, na nililisikia likisemwa mara mbili, la pili kwa sauti ya chini kuliko la kwanza. Alipokata simu alilia, mimi nikaosha vikombe visivyo vichafu ili alie kwa nafasi.

Baadaye nikamwuliza walifanya nini waliposhuka Acocks Green. Akasema walikuwa na njaa, wakaingia duka la chipsi pale karibu na kituo. Mayonesi hawakuwa nayo, wakazimwagia siki kama wafanyavyo watu wa hapa, wakakaa kwenye kimeza cha dirishani. Nikamwuliza walizungumza nini.

"Mimi sikuzungumza," akasema. "Kila neno lililonijia lilikuwa la mahali pengine. Nikawa nalimeza. Miguu yangu inacheza chini ya meza, mdomo nimeufunga."

"Na Idil?"

"Alikula zikiwa moto," akasema Safiyo. "Zilipobaki kidogo, akaanza kuniambia habari za shule."